Uwanja wa gofu sebuleni kwa dada

Dada yangu alinipigia simu saa 11 na nusu alfajiri. Kwetu simu ya saa hizo huwa ni ya msiba, kwa hiyo nilipokea nikiwa nimeshakaa kitandani, moyo unanidunda. Hakukuwa na msiba.

"Njoo uchukue hii kompyuta uondoke nayo," alisema. "Saa 8 usiku nimemkuta mwanao kajifunika blanketi mbele yake, anachora majani."

Mwanangu huyo ni mtoto wake wa kwanza. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na mimi ni mama yake mdogo. Sijazaa bado, jambo ambalo baadhi yenu hunikumbusha kila ninapoandika kuhusu malezi, na mama yetu hunikumbusha bila hata kusoma gazeti.

"Majani gani?" niliuliza.

"Mimi nitajuaje? Anasema ni ya Morogoro."

Kabla sijaendelea, niseme kosa langu. Miezi michache kabla ya simu hiyo niliandika kwenye ukurasa huu kwamba mtoto wa umri huo asizidishe saa mbili kwa siku mbele ya skrini. Dada alikikata kipande kile akakibandika kwenye mlango wa friji. Kijana akaishika sheria kama ilivyoandikwa: saa mbili jioni, anazima, anaaga, analala. Halafu saa 7 usiku anaamka na kuanza "siku mpya". Ukimuuliza anakwambia kwa heshima zote kwamba saa mbili za siku hiyo hajazimaliza.

Saa mbili zenyewe nilizitoa wapi? Nilirudi kwenye makaratasi yangu na nikaona aibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano: aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 hautaji idadi ya saa. Unasema muda wa kukaa upunguzwe, hasa ule wa kujiburudisha kwenye skrini, na mtoto apate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya kumpandisha mapigo ya moyo. Zile saa mbili ni ushauri wa zamani wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, ambao wenyewe waliuacha mwaka 2016 wakahimiza kila familia ijiwekee mpango wake. Mimi niliuandika kama amri. Samahani kwa dada, na kwa yeyote mwingine aliyekibandika kipande kile kwenye friji.

Jumamosi hiyo nilipanda bodaboda hadi kwa dada, nimebeba mfuko mkubwa wa kuchukulia kompyuta. Nilikaa saa tatu. Niliondoka na mfuko ukiwa mtupu na macho yakiniuma.

Kedi wa Morogoro

Shemeji yangu ni kedi katika klabu ya Gymkhana ya Morogoro. Kwa msomaji asiyeujua mchezo wa gofu, mchezaji anapiga kimpira kidogo kwa fimbo hadi kiingie kwenye shimo lenye bendera, na anayemaliza mashimo yote kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Raundi kamili ni mashimo 18. Morogoro wana 9, chini kabisa ya milima ya Uluguru, kwa hiyo wanaotaka 18 wanazunguka mara mbili. Kedi ndiye anayebeba begi la fimbo. Lakini kubeba ni sehemu ndogo ya kazi yake. Anamwambia mchezaji umbali uliobaki, fimbo ipi itoke, upepo unatoka wapi, na mpira ukifika karibu na shimo utateleza kuelekea upande gani. Wachezaji wengi wa kulipwa hapa Tanzania walianza kwa kubeba mabegi hayo hayo.

Haya yote mtoto wake hakuyajua. Alichojua ni kwamba baba yupo Morogoro, anakuja Songea mara mbili au tatu kwa mwaka, na kwamba siku moja shuleni mwenzake aliyesikia habari hizo alimwambia, "Kumbe mzee wako anabebea watu mabegi." Tangu siku hiyo akawa anajibu kwamba baba anafanya kazi ofisini. Dada hakulijua hilo. Mimi nililijua Jumamosi ile, baada ya saa ya pili, kwa sababu mtoto akiwa anachora huongea bila kukuangalia usoni.

Kompyuta dada aliinunua mtumba kwa fundi mmoja hapa mjini, kwa ajili ya kazi za shule. Ndani yake mwenye nayo wa zamani alikuwa ameacha gemu la gofu liitwalo Links, toleo la mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gemu hilo lilitengenezwa na Access Software, kampuni ya Salt Lake City nchini Marekani iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 1999. Halihitaji intaneti, halina bunduki, na ukilitazama kwa dakika kumi bila kucheza unaweza kusinzia. Kijana alilifungua kwa sababu hakukuwa na gemu lingine. Akaona bendera, mchanga, nyasi zilizonyolewa. Akampigia baba yake simu.

"Baba, hivi wewe huwa unafanya nini hasa?"

Shemeji alizungumza hadi dakika zake zikakata. Akanunua nyingine akapiga tena. Dada anasema katika miaka 14 hakuwahi kumsikia mume wake akiongea na mtoto wake muda mrefu namna ile, na alidhani wanagombana.

Kujenga kitu kilichopo

Ndani ya Links kuna programu ya kutengenezea viwanja. Unapewa ardhi tupu. Unainua na kushusha, unapanda nyasi ndefu na fupi, unachimba mashimo ya mchanga, unaotesha miti. Ungedhani mtoto atajenga kiwanja cha ndoto, chenye maporomoko na mamba. Huyu wetu aliamua kujenga cha Morogoro kama kilivyo, ili siku baba yake akija amwonyeshe.

Kujenga kitu kilichopo ni kazi ngumu kuliko kubuni, kwa sababu kuna mtu anayejua ulipokosea.

Alianza na simu ya mama yake. Alifungua Google Earth, akaitafuta Morogoro, akashuka hadi akaona mikanda ya kijani, akaipima kwa kile kirula kilichomo. Bando la wiki likaisha siku ya kwanza (hili ni lalamiko la pili la dada, la tatu ni uniti za LUKU). Picha ya skrini akaipeleka steshenari wakaichapa, akaichora miraba kwa penseli, akahamisha mraba mmoja mmoja kwenda kwenye kompyuta. Baba yake akamtumia picha ya kadi ya kuandikia matokeo, ambayo inaonyesha urefu wa kila shimo. Vipimo vikapishana. Kumbe yeye alikuwa anapima kwa mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi kwenye bendera, na shimo likiwa na kona hupimwa kwa kuifuata kona. Akafuta, akaanza upya. Nilipofika Jumamosi ile alikuwa kwenye shimo la pili na alishalifuta mara nne.

Ugumu wa kweli ni mwinuko. Picha ya setilaiti inakuonyesha ardhi kutoka juu, kama chapati kwenye sahani. Nchi zilizoendelea wenye hobi hii wana bahati: serikali zao hurusha ndege zinazopima ardhi kwa miale ya leza, takwimu zinawekwa hadharani, na mtu aliye chumbani kwake anaweza kujenga kiwanja ambacho hata kitundu cha mchanga kiko mahali pake. Sisi tunacho kipimo cha zamani. Februari 2000 chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa ardhi kwa rada, na mwaka 2014 takwimu za kina za Afrika zikaanza kutolewa bure. Lakini kila namba moja inawakilisha eneo la kama mita 30 kwa 30. Hapo panatosha kuchora mlima wa Uluguru. Ile sehemu ya nyasi fupi kuzunguka shimo inaweza kumezwa yote ndani ya namba moja au mbili, ikaonekana tambarare kama meza.

Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, maana ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Napewa asilimia ya mkoa mzima wa Ruvuma, namba nzuri kabisa, na ndani yake kuna kata ambayo akina mama wanajifungulia njiani. Kata imemezwa na namba.

Kilichozibwa na namba, baba alikuwa nacho miguuni. Nilisikiliza ujumbe wake wa sauti mmoja uliorekodiwa jioni, unasikia na ndege nyuma: "Mchezaji anaangalia bendera, mimi naangalia ardhi. Pale ukisimama unaona kama panapanda. Usidanganyike. Mpira unakimbia mlima. Ukiwa na shaka, ujue Uluguru uko wapi, mpira utakwenda kinyume." Wanaocheza gofu karibu na milima kila mahali duniani husema hivyo hivyo, kwamba mlima mkubwa hulidanganya jicho. Alikuwa anazungumzia shimo gani? Nilimpigia nimuulize ili niandike. Akacheka, akasema hizo ni siri za kazi, hawezi kuzitoa gazetini.

Basi mtoto anashusha kona moja ya nyasi kwa kiasi kidogo, anapiga mpira, anarekodi kwa simu, anatuma. Jibu linarudi: "Punguza." Anapunguza. "Umezidisha sasa, hapo mpira utatoka nje." Wakaendelea hivyo wiki nzima kwa shimo moja. Baba alieleza pia kwamba asubuhi umande huushika mpira, mchana nyasi zikikauka unateleza. Gemu halina umande. Mtoto alilichukulia hilo kwa uzito mkubwa, akataka kujua kama ajenge uwanja wa asubuhi au wa mchana. Wakakubaliana mchana.

Mzazi anayedhani huu ni wazimu wa nyumba moja aangalie simu ya mwanawe. Vijana wengi hapa Songea wanacheza gemu la mabasi la Indonesia, Bus Simulator Indonesia, na furaha yao kubwa ni kulipaka basi rangi za mabasi wanayoyajua. Nimeshaona Super Feo ikipanda mlima wa kisiwa cha Java. Na kuna waliolifanya jambo hili kuwa kazi. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang ya Sweden inayotengeneza gemu la Minecraft. Wakaanzisha mradi wa Block by Block, ambao wakazi hujenga mtaa wao ndani ya gemu na kuonyesha wanavyotaka uwanja au bustani yao iwe, kabla wahandisi hawajaanza. Kibera ni miongoni mwa sehemu za mwanzo. Pale Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora ramani za kata zinazofurika. Kwa mwandishi wa afya, ramani ya mfereji na ramani ya kipindupindu hazikai mbali.

Simwambii dada kwamba mwanawe atakuwa mpima ardhi. Nilimwambia tu kwamba kile alichokikuta saa 8 usiku si kile alichodhani.

Je, ni uraibu?

Hata hivyo saa 8 usiku ni saa 8 usiku. Mtoto wa miaka 14 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na huyu alikuwa anapata tano. Mwalimu wake wa darasa alishatuma taarifa kwamba anasinzia kipindi cha kwanza.

WHO imeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile inayoitwa ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zinazoangaliwa ni hizi: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limeshika nafasi ya mbele kuliko mambo mengine yote ya maisha yake, na anaendelea ingawa anaona madhara. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, ikiharibu masomo, familia au kazi. Nilikaa na dada jikoni tukazipitia moja moja. Kujizuia: alishindwa, usiku. Mambo mengine: mpira wa miguu bado anacheza, kanisani bado anaimba, na kwa baba yake amesogea, hakujitenga. Madhara: usingizi, na mwalimu kalalamika. Muda: miezi miwili. Huo si uraibu. Ni kijana aliyenogewa asiye na mtu wa kumwambia basi, kwa sababu mama amelala na baba yuko Morogoro.

Jambo la pili nililiona mwenyewe. Alikuwa anakunja uso akiangalia kalenda iliyo ukutani. Nilimpeleka kwenye kliniki ya macho hapa mjini, na ikaonekana haoni vizuri vitu vya mbali. Dada alitaka kusikia kwamba ni kompyuta. Hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekwambia hivyo kwa mtoto mmoja. Kuna kurithi, kuna kusoma kwa karibu, kuna mengi. Kinachojulikana vizuri ni faida ya kuwa nje. Huko Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka mitatu, walioanza kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi, na kwenye shule ambazo hazikuongeza walikuwa karibu 40. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015. Dakika 40 za nje hazinunuliwi dukani, na jua la Songea ni la bure hata mwezi wa saba tunapovaa makoti.

Nyumbani kuna mambo madogo ya kufanya. Kila dakika 20 mtoto ainue macho aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Taa ya chumba iwake, maana kukaa gizani na blanketi kichwani huchosha macho haraka. Saa moja kabla ya kulala, skrini zote zizimwe, na ya mama pia. Hili la mwisho dada alilipokea kimya.

Sheria mpya iliyobandikwa kwenye friji juu ya kile kipande changu ina mistari michache. Kompyuta ihamie sebuleni. Saa 3 usiku izimwe. Gemu lianze baada ya kazi za shule. Ila sheria bora kuliko zote aliitoa shemeji kwa simu, na hakuwa anafikiria macho wala usingizi. Alisema, "Shimo usilolitembea usilichore."

Maana yake ni hii. Makedi hupima kwa hatua. Alimwagiza mtoto kwanza ajue hatua yake ina urefu gani. Kijana akaenda kwenye kiwanja cha mpira cha jirani akiwa na futi kamba ya mjomba wake ambaye ni fundi ujenzi, akapima kutoka goli hadi goli akapata mita 105, kisha akatembea: hatua 148. Akarudi mara ya pili, 151. Akachukua 150, kwa hiyo hatua yake ni sentimita 70. Shimo la mita 350 ni hatua 500. Kabla ya kugusa mausi, anakwenda pale kiwanjani anatembea hatua za shimo zima, anasimama kila baada ya 100 na kutazama mbele, apate picha ya umbali ambao mtu anaupiga mpira. Majirani waliuliza kama mtoto ana shida. Sasa wadogo zake wawili wanamfuata wakihesabu kwa sauti, na nimewaona watoto wa nyumba ya tatu nao wamo. Mashimo 9 ni kama kilomita tatu. Baba yao akizunguka mara mbili na begi begani anafikisha karibu kilomita kumi kwa siku, na nikimwangalia mwili wake nawaonea huruma wanaume wenzake wa ofisini.

Sitaki msomaji adhani mambo yamenyooka. Kwenye mtihani wa nusu mhula Jiografia ilipanda sana, hasa kusoma ramani. Hisabati ilisogea kidogo. Fizikia ilishuka, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Upimaji wa Kitaifa wa kidato cha pili ni Novemba. Sisi tuliosoma Songea kabla gridi ya Taifa haijafika mwaka 2018 tulikuwa tunafukuzwa kwenye vitabu na umeme kukatika. Hawa wanafukuzwa na umeme kuwepo.

Na kuna kitu dada alinieleza ambacho kilinikaa. Tulikuwa tunachambua mchele. Alisema, "Wao wamepata mchezo. Mimi nimepata kazi ya polisi." Kwa miaka yote yeye ndiye anayeamsha, anayeosha, anayekwenda kwenye vikao vya wazazi, na sasa mtoto amempata baba mtaalamu wa simu, mtamu, anayejua kila kitu, na mama ni yule anayezima swichi. Nilimwambia shemeji maneno hayo kama yalivyo. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. Tangu siku hiyo, saa 3 kasorobo usiku yeye ndiye anayepiga: "Funga, mwanangu. Mpe mama simu." Siku nyingine anasahau. Siku nyingi hasahau.

Wiki iliyopita alikuja kwa likizo ya siku sita. Alishuka kwenye basi usiku, kesho yake akaoga, akavaa shati la kola kama anakwenda kazini, akavuta kiti mbele ya kompyuta. Nilikuwepo, nilijifanya nimekuja kwa jambo lingine. Mtoto alisimama nyuma yake akiwa na miwani mipya, mikono mfukoni, hasemi.

Shemeji alitembea shimo la kwanza lote bila neno. Miti alisema si yenyewe, ni miti ya Wazungu, mtoto akamweleza kwamba gemu lilikuja na hiyo. Kwenye shimo la pili akasema, "Hapa umepata." Kisha akageuza upande ule mwingine, akasogeza uso karibu na skrini, nikamkumbusha umbali wa mkono mmoja, hakunisikia.

"Huu mlima wa wapi?"

Mtoto alijikuna. "Ni Matogoro. Uluguru sikuwa na picha nzuri. Huu nimeupiga mwenyewe kwa simu ya mama."

"Umeweka Matogoro Morogoro."

"Ndiyo, baba."

Shemeji alicheka hadi akavua kofia. Kisha akasema kwamba kama mlima umekaa pale, basi mteremko wa shimo la sita bado haujakaa sawa, na akaanza kuurekebisha yeye mwenyewe, mkono umeikamata mausi kama anashika kuku. Walibishana kuhusu sentimita. Chakula kilipoa. Simu ililia saa 3, na mtoto ndiye aliyesema, "Baba, muda."

"Ngoja nimalizie hapa."

Dada alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akawapita wote wawili, akaelekea moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani.

"Mama, subiri! Hatujasevu!"